Kwa Hiari Yao

Lhota Mpya, Nebraska
3 Machi 1993

Binti yangu Marcella,

Salamu nyingi kutoka kilimani. Mimi sijambo, ila nyonga ya kushoto inanikumbusha kila asubuhi kwamba mimi ni kikongwe, kana kwamba nilisahau. Theluji bado imelala nyuma ya ghala. Kuku wameanza kutaga tena. Wewe hujambo? Kikohozi kimeisha? Usiniambie kimeisha kama hakijaisha, nitakusikia tu kwenye simu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Juzi posta wameniletea kipeperushi kutoka kazini kwako. Nilivyofurahi! Nikamwita jirani yetu Bozena aje akione: karatasi nzuri inayong'aa, picha ya Rais Whitlock juu, na chini jina lako, Marcella Hruska, ofisa wa mazungumzo ya historia, Maktaba ya Rais Whitlock. Nikamwambia asome kwa sauti maana miwani yangu sikuiona. Bozena akasoma, akasoma, akafika kwenye mazungumzo ya mwezi wa tano, yale ya bwawa, akaishusha karatasi. Nikamwambia, "Mbona umekwama?" Akaniangalia vibaya. Ndipo akasoma: "Mwaka 1954 wakazi wa bonde waliyaachia mashamba yao kwa hiari yao, ili Ziwa Whitlock lipatikane kwa faida ya wote."

Kwa hiari yao! Ebo! Nilidhani Bozena ananitania. Nikatafuta miwani mpaka nikaipata, ilikuwa kichwani, nikasoma mwenyewe. Kumbe kweli.

Wewe ulikuwa na miaka mitatu. Ulikuwa umekaa juu ya gunia la mahindi kwenye lori la Bartunek, umemkumbatia paka, unalia kwa sababu paka analia. Kwa hiyo hukuona, na baba yako hakupenda kukisimulia kisa hiki. Nakusimulia mimi. Mkuu wa polisi wa wilaya alikuja na wanaume wanne. Baba yako alikuwa mezani jikoni anakunywa kahawa. Wakamwambia, "Emil, muda umekwisha." Akasema hajamaliza kahawa yake. Wakangoja kidogo, kisha wakamnyanyua yeye na kiti chake, mmoja kila mguu wa kiti, wakampitisha mlangoni kama wanatoa kabati. Kikombe mkononi. Wakamtua kando ya barabara. Akaimalizia pale pale kahawa yake, akasimama, akamwambia yule mkuu wa polisi maneno haya: "Mimi nimetolewa. Sikutoka."

Kiti chenyewe nimekikalia sasa hivi ninapokuandikia.

Basi mwanangu, lifute hilo neno. Nani aliyeliandika sijui na sitaki kujua, lakini jina la ukoo lililo chini ya karatasi ni la Emil Hruska. Lifute kabla ya mwezi wa tano. Tuliobaki tuliozaliwa kule chini Lhota, kabla maji hayajaifunika, ni wachache, na sitaki kuingia kaburini huku nimeandikwa karatasini kwamba nilikubali.

Kula vizuri. Vaa soksi za sufu.

Mama yako.


Fairmount
11 Machi 1993

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Mimi sijambo, kikohozi kimeisha kweli, naapa. Pole na nyonga. Umekwenda kwa daktari, au bado unajipaka ile dawa ya farasi?

Mama, nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikaketi. Kisa cha kiti sikuwahi kukisikia. Nakumbuka paka tu.

Lakini naomba unielewe. Hilo neno si langu. Limeandikwa kwenye ubao mkubwa ulioko ukumbini, chini ya picha ya Rais anakata utepe. Liko pale tangu maktaba ilipofunguliwa. Kila anayeandika chochote kuhusu bwawa ananakili kutoka pale, na mimi nilinakili kama wenzangu, bila kufikiri. Nilikwenda kwa mkurugenzi wetu, Bwana Ogilvie, nikamwambia sentensi ile ina kasoro. Akaniuliza ushahidi uko wapi. Tukashuka pamoja kwenye hifadhi ya nyaraka za Rais, tukafungua masanduku. Mama, mle mna barua za shukrani tupu. Watu wa miji ya mtoni, upande wa chini wa bwawa, wanamshukuru Rais kwamba mafuriko yamekwisha. Kutoka Lhota hakuna hata mstari mmoja. Bwana Ogilvie akasema, "Unaona? Hakuna aliyelalamika."

Kazi hii unajua nimeihangaikia muda gani. Mkataba wangu unakwisha mwisho wa mwezi wa sita, na wataangalia nilivyofanya mwaka huu ndipo waniongezee. Siwezi kuanza kugombana nao.

Wewe njoo tu mwezi wa tano. Mazungumzo yetu ni Jumatano mchana, kila mtu anakuja na chakula chake kwenye mfuko, anakula huku anasikiliza. Mgeni wetu atakuwa Daktari Lathrop wa chuo kikuu, aliyeandika kitabu kuhusu mabwawa. Nitakuwekea kiti cha mbele. Na ukiwa na swali, unaliandika kwenye kadi. Sisi hatusimamishi watu waseme ovyo. Kadi zinakusanywa, mimi nachagua za kusoma. Andika swali la heshima na mimi nitalisoma.

Nakupenda.

Binti yako.


Lhota Mpya
16 Aprili 1993

Marcella,

Salamu. Mimi mzima. Matope kila mahali, viatu viwili nimeviacha shambani.

Tusizungushane. Juzi Jumatano nilikuwa Fairmount. Ndiyo, mimi. Bozena alikwenda kung'olewa jino nikamwambia anishushe kwenye maktaba yenu. Nilikaa nyuma kabisa karibu na mlango, na skafu kichwani, nikatulia. Nilitaka kuona hiyo kazi yako inavyofanywa kabla ya mwezi wa tano.

Nikuambie ukweli, ulipendeza. Gauni la kijani linakukaa. Unaongea vizuri, hutafuni maneno. Nilijisikia fahari mpaka nikataka kumgusa mtu wa jirani nimwambie huyu nimemzaa mimi. Ila mtu wa jirani alikuwa amelala. Nani asingelala? Saa nzima kofia za mke wa Rais! Kofia ya kuapishwa, kofia ya mazishi, kofia aliyokalia balozi. Nikala mkate wangu wa nyama na kabichi mpaka ukaisha, kofia bado zinaendelea.

Halafu zikapita kadi. Nikaandika yangu, kwa heshima kama ulivyotaka: "Neno lililo ukutani kwamba watu wa Lhota walitoka kwa hiari yao, litaondolewa lini?" Nikaweka jina langu. Kadi ikaenda, nikaifuata kwa macho mpaka mkononi mwako. Nilikuona, mwanangu. Uliisoma. Ukainua uso ukanitafuta, ukaniona, na mkono wako ukaiteremsha kadi yangu ukaipeleka chini ya zote. Kisha ukasema muda umetubana. Umetubana wapi! Yule mzee mwenye masharubu umempa nafasi aulize kuhusu manyoya ya mbuni mpaka msemaji mwenyewe akachoka.

Sikupiga kelele. Nilitoka kimya, nikaenda kumngojea Bozena na taya lake. Lakini nilipita kwenye ule ubao. Nikausoma kwa kidole, neno kwa neno. Mtoto wa shule alikuwa pembeni yangu anaunakili kwenye daftari lake. Anaunakili, Marcella! Kesho na keshokutwa huyo ndiye atakayewaambia watu sisi tulikuwa nani.

Nimeumia. Si kwa sababu ya ubao, ubao ni mbao. Nimeumia kwa ule mkono.

Mama yako.


Fairmount
23 Aprili 1993

Mama,

Shikamoo. Natumaini matope yamekauka.

Na mimi nimeumia. Ungeniambia unakuja! Unajua nilivyokuwa pale mbele, Bwana Ogilvie amesimama ukutani kama kawaida yake, mikono nyuma, na mimi nashika kadi yenye jina la ukoo wangu? Nilichanganyikiwa. Ningefanya nini? Jibu usinipe, nimeshajijibu mwenyewe mara nyingi na kila mara jibu ni tofauti.

Alikuona ukisoma ubao kwa kidole. Akaniuliza yule bibi ni nani. Nikasema ni mama yangu. Akatabasamu, lile tabasamu lake la meno tupu, akasema anatumaini mazungumzo ya mwezi wa tano yatakwenda kwa utulivu, maana wadhamini wa maktaba watakuwepo, na wao ndio wanaoamua mikataba.  

Mama, nakuomba kama binti yako, tarehe 26 Mei usije. Mara hii moja tu. Niongezewe mkataba, nikae sawa, halafu nitalishughulikia neno lile polepole, kwa njia ya ofisi. Vitu hivi vina taratibu. Wewe umezoea kutaka kila kitu leo leo.

Nitakuja siku ya makaburi nikusaidie kumpelekea baba maua.

Binti yako.


Lhota Mpya
29 Aprili 1993

Marcella,

Salamu. Mzima.

Polepole! Baba yako alingoja polepole mpaka akafa. Nimekuelewa, wala sikununii. Lakini nisije? Thubutu!

Sitakuandikia tena kabla ya tarehe 26. Nina kolache za kuoka, na vile vimkate vitamu havijioki vyenyewe.

Mama yako.


Fairmount
14 Mei 1993

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Nauliza kwa sababu simu hupokei. Nimempigia Bozena, naye kaniambia "mama yako yuko ukumbi wa kanisa," akakata. Nimepiga kesho yake, akasema "yuko ukumbi wa kanisa," akakata tena, na nyuma yake nimesikia wanawake wanacheka. Mnapika njama gani huko?

Nijibu walau hili. Viti vya tarehe 26 vimejaa vyote. Haijawahi kutokea, hata kofia hazikujaza ukumbi. Bwana Ogilvie anatembea na orodha ya waliojiandikisha kama mtu aliyeshinda bahati nasibu, anawaonyesha wadhamini: tazameni, historia inapendwa! Jana ameniachia ile orodha mezani. Sedlacek. Bartunek. Sedlacek tena. Kovarik, Zeman, Hruska, Hruska, Vavra. Watu wa Omaha wamo, watu wa Lincoln wamo, kuna mmoja anatoka Colorado. Yeye anaona majina tu. Mimi naziona nyumba, zile ulizokuwa ukinitajia nikiwa mdogo kwa mpangilio wa barabara, kuanzia kinu cha kusagia unga hadi kanisani, ili nisilale bila kuzijua.

Sijamwambia. 

Mama, naogopa. Sijui naogopa nini zaidi, mje au msije. Niambie tu mtafanya nini.

Binti yako.


Lhota Mpya
28 Mei 1993

Binti yangu mpenzi,

Salamu nyingi, nyingi sana. Mimi ni mzima, nyonga ni nzima, hata ningeambiwa nicheze polka ningecheza. Wewe umeamkaje tangu juzi? Umekula? Nilikuacha umezungukwa na watu, sikupata hata nafasi ya kukushika vizuri.

Acha nikusimulie ilivyoonekana kutoka chini, maana wewe ulikuwa juu jukwaani na hukuona nusu.

Tulikuja na basi la kanisa. Dereva alikuwa padri mwenyewe, Padri Zelenka, kwa kuwa dereva wake wa siku zote alisema hataki matatizo. Padri anaendesha kama anakimbizwa. Bozena alisali njia nzima, na safari hii si kwa ibada. Wengine walikuja na magari yao. Kila mtu na mfuko wake wa chakula kama mlivyoagiza, na kila mfuko una kolache mbili, moja ya plamu na moja ya jibini, kama tulivyokuwa tukifunga siku za sikukuu kule chini. Hatukubeba bango. Hatukubeba kelele. Tulikubaliana kwenye ukumbi wa kanisa: kelele tulipiga mwaka ule, na kelele haiwekwi kwenye sanduku, ndiyo maana wewe na Bwana Ogilvie wako hamkuikuta. Safari hii tutatumia kadi zao, kwa kalamu zao, kwa utaratibu wao.

Swali tulilitafuta wiki tatu. Mzee Vavra alitaka la matusi. Sedlacek mkubwa alitaka la kurasa mbili. Mwisho tukabaki na moja fupi, kila mtu akalikariri kama sala.

Daktari Lathrop alipoongea nilimsikiliza. Si mtu mbaya. Anajua saruji, anajua mafuriko, na ni kweli mafuriko yaliua watu katika miji ile ya mtoni, hilo simbishii. Ila alipofika kwetu alipita mbio: "wakazi wakaachia kwa hiari yao." Nilisikia mifuko yote ikichakarika kwa pamoja, watu wamefinya chakula chao. Lakini kimya. Nilijivunia sana ule ukimya.

Zikaja kadi. Tukaandika. Ukazikusanya mwenyewe, ukapita mbele yangu hukuniangalia. Ukapanda. Ukasoma ya kwanza moyoni. Nikaona shingo yako inakuwa nyekundu. Ukasoma ya pili. Ya tatu. Ukazipekua kama mtu anayetafuta karata nzuri. Hakuna, mwanangu! Ukumbi wote ni sisi. Bwana Ogilvie akatoka ukutani, akaja hadi ukingo wa jukwaa, akakunong'oneza. Aliyemsikia ni wewe peke yako, lakini kila mtu aliona mdomo wake ukisema "muda."

Hapo ndipo mimi nilifumba macho. Nakuambia kweli. Nilijiambia, Vlasta, akiziweka chini hizo kadi, hutamlaumu. Ni mtoto wako na anahitaji kula.

Nikasikia sauti yako. "Swali la kwanza linatoka kwa Bibi Bozena Kovarik: Tafadhali taja mtu mmoja wa Lhota aliyetoka kwa hiari yake."

Daktari Lathrop akajibu maneno mengi. Sera, fidia, wakati ule. Ukamshukuru. "Swali linalofuata linatoka kwa Bwana Josef Vavra: Tafadhali taja mtu mmoja wa Lhota aliyetoka kwa hiari yake." Wadhamini wakacheka, wakidhani kadi zimejirudia kwa bahati mbaya. Ukangoja wamalize kucheka. "Linalofuata, kutoka kwa Bibi Ludmila Sedlacek." Lile lile. Hapo kicheko kikafa. Ludmila akasimama, hakuna aliyemwambia asimame. Na ulipomtaja Zeman akasimama Zeman. Ukazisoma zote, Marcella! Hukuruka hata moja, hukubadilisha sauti, ukamtaja kila mtu kwa jina lake lote, na kila aliyetajwa akasimama na mfuko wake mkononi. Mimi nilisimama nikasahau nyonga. Bwana Ogilvie akawa anaangalia saa, kisha mlango, kisha wadhamini, hana pa kuweka uso.

Katikati Daktari Lathrop aliacha kujibu. Akasema, "Simjui hata mmoja." Kwa sauti ndogo, lakini kipaza sauti kilikuwepo. Nikampenda kwa hilo. Baadaye alikuja kula kolache kwangu, akaniuliza nyumba yetu ilikuwa wapi. Nikamwambia umbali gani kutoka kinu, na kwamba sasa watu wanavua samaki juu ya bomba letu la moshi.

Kadi zikaisha. Nilidhani umemaliza. Ndipo ukaangalia chini, ukachukua kadi tupu, ukaiandika hapo hapo mbele ya watu wote, taratibu, kama mtoto anayefanya mtihani. Ukaisoma. "Swali la mwisho linatoka kwa Marcella Hruska, binti wa Emil." Na hukusoma zaidi, hukuhitaji. Ukabaki umesimama, na kwa kuwa sisi sote tulikuwa tumesimama, tukawa tunaangaliana tu.

Ule mkono wa mwezi wa nne nimeusahau. Naandika hapa ili iwe imeandikwa.

Jumatatu ni siku ya makaburi. Pioni zimechanua kwa wakati, nyekundu na nyeupe, na mikebe mitupu ya kahawa ya kutilia maua nimeshaivalisha karatasi ya kung'aa. Njoo mapema tumwekee baba yako za kwanza.

Mama yako.


Fairmount
24 Juni 1993

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama siku ile, na mkebe ulionipa bado uko dirishani ingawa maua yameshapukutika. Hujambo? Mvua huku haikatiki, mto umejaa hadi darajani.

Sikuandika mapema kwa sababu nilikuwa nangoja habari, nikitumaini zitakuwa nzuri. Wadhamini wamekutana jana.

Mkataba wangu hawauongezi. Wamenishukuru kwa mchango wangu. Barua nzuri, karatasi nzito. Mazungumzo ya bwawa hayatarudiwa. Kuanzia mwezi wa tisa maswali yataletwa wiki moja kabla, kwa posta, na atayapitia Bwana Ogilvie mwenyewe. Daktari Lathrop ameniandikia kwamba kitabu kikichapishwa tena neno lile litatoka, na amewaandikia na wao. Kumbe barua yake nayo wameipokea kwa shukrani.

Na ubao, Mama. Ubao unabaki. Wamesema hisia si ushahidi, na kwamba katika hifadhi hakuna kilichobadilika. Nimeupita leo asubuhi nikibeba vitu vyangu. Kuna mtu amejaribu kulikwangua lile neno kwa ufunguo. Sikuwa mimi, ingawa nilitamani. Niliporudi jioni kuchukua vilivyobaki, walikuwa wameshalipaka rangi upya na kuliandika tena, jeusi kuliko mwanzo.

Sijutii kadi hata moja. Nataka ujue hivyo. Nimeongea na shule ya hapa, huenda nikapata kufundisha. Sitakufa njaa. Lakini wewe ulitaka jambo moja tu, neno lile liondoke kabla hujafunga macho, na sikuliweza. Nimejaribu kutafuta namna nyingine ya kulisema na sioni. Tumeshindwa, Mama. Nisamehe.

Binti yako.


Lhota Mpya
29 Juni 1993

Marcella wangu,

Salamu. Mimi mzima wa afya, nakula, nalala, nafoka. Pole na kazi, mwanangu. Nimelia kidogo kwa ajili yako, na sasa nimemaliza, kwa hiyo na wewe maliza.

Nani kakuambia tumeshindwa? Wewe umezoea mambo ya ofisi. Wakipiga mhuri unadhani jua limetua. Wamelipaka neno rangi upya? Vizuri sana. Mtu hapaki rangi kitu ambacho hakimtii wasiwasi.

Wanataka ushahidi. Haya, ushahidi wataupata, tena wa kukaa nao uso kwa uso. Nimeuliza, na Padri ameuliza kwa wakili anayeimba kwaya: maktaba ile ni nyumba ya umma, saa za kazi yeyote anaingia, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwanamke mzee haruhusiwi kupumzika mbele ya ubao. Basi Jumatano hii nitakuwepo, mchana, saa yenu ile ile ya mazungumzo. Nitakaa chini ya picha ya Rais na mkasi wake. Mtoto wa shule akija kunakili, nitamwambia, "Nakili, kipenzi, halafu ukimaliza geuka uniulize mimi." Jumatano itakayofuata atakaa Ludmila. Halafu Vavra, ameapa hatatukana. Tumejipanga mpaka theluji, na wajukuu wetu wameomba zamu zao baada ya sisi. Bwana Ogilvie atapitia maswali yanayokuja kwa posta, sisi majibu tutayaleta kwa miguu.

Na wewe, kwa vile huna kazi, njoo na chakula chako kwenye mfuko. Kolache ninazo.

Usinitafutie kiti. Viti vya pale ni vya plastiki, vinaniumiza nyonga. Nakuja na cha baba yako. Bozena ameshakifunga juu ya gari. Miguu yake minne bado imara, nimeikagua mwenyewe.

Atakayetaka kunitoa, anibebe nacho.

Mama yako.